Nairuzi ya Rayners Lane na sikukuu za London za majira ya kuchipua

Majira ya kuchipua ya London ni miezi mitatu, Machi, Aprili na Mei, na ndani yake sikukuu hufuatana kwa karibu mno. Sababu ya kwanza ni mwanga. Mwishoni mwa Desemba mchana wa jiji hilo haufiki hata saa nane kwa urefu. Ifikapo tarehe 20 au 21 Machi usiku na mchana hulingana, na Mei inapoisha mchana umekwisha kuvuka saa kumi na sita, jua likizama saa tatu usiku imeshapiga. Kwa mtu aliyezaliwa Unguja au Mombasa, ambako jua huchomoza na kuchwa karibu saa zile zile mwaka mzima, ni vigumu kuamini kwamba mwanga unaweza kupotea kiasi hicho na kurudi kiasi hicho. Watu wa London huupokea kama watu wa pwani wanavyoipokea mvua baada ya kiangazi kirefu: hutoka nje.

Sababu ya pili ni kalenda. Waliohamia London kutoka pande zote za dunia walikuja na hesabu zao za siku, na nyingi kati ya hesabu hizo zina jambo kubwa katika miezi hii. Zipo sikukuu zinazohesabiwa kwa jua, zipo za mwezi, zipo zinazopatanisha jua na mwezi. Yapo hata mashindano yanayosubiri maji ya mto yajae, na maonyesho yanayosubiri maua yafunguke. Anayetaka kuzifurahia sikukuu hizi na aanze kwa kuuliza kila moja inahesabiwa kwa kitu gani. Akishajua hilo, ataelewa kwa nini moja ina tarehe isiyobadilika na nyingine huhama kila mwaka.

Mahali pazuri pa kuanzia ni Rayners Lane, kitongoji cha kaskazini-magharibi ya jiji, katika manispaa ya Harrow. Mgeni wa London haelekezwi huko kwa kawaida, maana ni nyumba za familia, maduka na stesheni. Stesheni hiyo ilifunguliwa mwaka 1906 ikiwa kituo kidogo katikati ya mashamba, na abiria waliosubiri pale kwenye upepo mkali waliibandika jina la Njiapanda ya Nimonia. Kisha kampuni ya reli ya Metropolitan ikawavuta watu kwa matangazo ya nyumba zenye bustani pembezoni mwa jiji. Mwaka 1930 stesheni ilihudumia abiria 22,000. Mwaka 1937 walikuwa milioni 4. Jengo linaloonekana leo, la matofali na vioo, ni la mwaka 1938, na Charles Holden ni mmoja wa wasanifu wake. Njia mbili za treni hukutana hapo, Metropolitan na Piccadilly, kwa hiyo karibu kila sherehe itakayotajwa humu hufikika bila safari ya kuchosha.

Karibu na stesheni, katika barabara ya Alexandra Avenue, lipo jengo ambalo mpita njia hawezi kulipita bila kugeuza shingo. Uso wake umefanywa kwa madirisha makubwa ya vioo yaliyobinuka kama matumbo ya tanga lenye upepo, na katikati umeteremshwa mkono wa zege uliokunjika kwa namna ambayo wenyeji huufananisha na mkonga wa tembo. Lilijengwa liwe jumba la sinema, likiitwa Grosvenor, likafunguliwa mwaka 1936 kwa mchoro wa F. E. Bromige. Sinema ilipokufa lilipita katika mikono mbalimbali, na leo ni kituo cha Wazoroasta, wafuasi wa dini ya kale ya Uajemi. Wenye nyumba ni jumuiya iitwayo Zoroastrian Trust Funds of Europe, iliyoanzishwa mwaka 1861 na wafanyabiashara Waparsi, yaani Wazoroasta wa India, waliokuwa London. Dadabhai Naoroji, aliyechaguliwa mbunge wa Uingereza mwaka 1892, alikuwa miongoni mwa viongozi wake wa mwanzo. Mahali palipokuwa pa kuonyeshea filamu sasa pana ukumbi wa karamu, na pana chumba cha ibada ambamo moto huwashwa kwa kuni za msandali.

Sikukuu kubwa ya majira ya kuchipua katika jengo hilo ni Nowruz, na hapo msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani, kwa sababu neno analo. Ni Nairuzi. Kwa Kiajemi maana yake ni siku mpya. Huanza jua linapovuka mstari wa ikweta kuelekea kaskazini, tarehe 20 au 21 Machi, na kitambo hicho hukokotolewa hadi dakika na sekunde. Familia za Kiirani hukaa mezani zikikisubiri hata kikiangukia usiku wa manane. Umoja wa Mataifa uliitambua 21 Machi kuwa Siku ya Kimataifa ya Nowruz mwaka 2010, na UNESCO ilikuwa imeiingiza katika orodha ya turathi zisizoshikika mwaka mmoja kabla. London huisherehekea kwa ladha nyingi: Wairani, Waafghani, Wakurdi, Waazabajani na Watajiki kila mmoja kwa jiko lake.

Meza ya Nowruz ya Kiirani huitwa haft-sin, yaani sini saba, kwa kuwa huwekwa vitu saba ambavyo majina yake kwa Kiajemi huanza na herufi sini. Siki ipo, na kitunguu saumu, na tofaa. Ipo somaq, unga mwekundu mchachu wa kunyunyiza juu ya nyama choma, na yapo matunda makavu ya senjed. Samanu ni uji mzito mtamu wa ngano iliyooteshwa. Cha saba ndicho kinachopendeza zaidi macho: ni sahani ya miche ya ngano au dengu iliyooteshwa nyumbani wiki mbili kabla, kijani kibichi, imefungwa utepe mwekundu kiunoni ili isilale. Kando yake huwekwa kioo, mishumaa, mayai yaliyopakwa rangi na mara nyingi samaki wa dhahabu katika bakuli. Miche ile haitupwi ovyo. Siku ya kumi na tatu familia huenda mbugani na chakula, na miche hutupwa katika maji yanayotembea. Usiku wa kuamkia Jumatano ya mwisho ya mwaka vijana huruka juu ya mioto midogo, wakiuomba moto uchukue umanjano wa uso na kuacha wekundu wake.

Waparsi, ambao mababu zao walihama Uajemi wakahamia Gujarat zaidi ya miaka elfu iliyopita, huisherehekea siku hiyo kwa jina la Jamshedi Navroz, kwa kumbukumbu ya mfalme Jamshed wa masimulizi ya kale. Kizingiti cha mlango huchorwa mapambo kwa unga mweupe wa chokaa. Kifungua kinywa ni sev, tambi nyembamba zilizokaangwa kwa samli, sukari na zabibu, zikaliwa na mtindi mtamu. Mpishi wa Mji Mkongwe akizionja atadhani zimetoka jikoni kwake asubuhi ya Idi. Salamu ni Navroz Mubarak, na kila aliyewahi kupewa mkono wa Idi anajua namna ya kuijibu.

Undugu huo una historia yake. Waparsi waliishi Unguja tangu enzi za masultani, wakifanya kazi za uhandisi, udaktari na ukarani, na walikuwa na hekalu lao la moto pale mjini. Mtoto wao aliyejulikana kuliko wote alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara. Familia yake iliondoka mwaka 1964 ikahamia Feltham, magharibi ya London, na dunia ikaja kumjua kwa jina la Freddie Mercury. Alipofariki Novemba 1991 mazishi yake yaliongozwa na makasisi wa Kizoroasta. Katika jiji lenye vibao vya kumbukumbu yake, wachache hukumbuka kwamba mwimbaji huyo alitoka katika watu wanaokumbuka Nairuzi, na kwamba kisiwa alikozaliwa kina Nairuzi yake.

Nairuzi ya Waswahili ndiyo Siku ya Mwaka, na mashuhuri zaidi ni ile ya Makunduchi, kusini mwa Unguja, iitwayo Mwaka Kogwa, maana yake kuoga mwaka. Wanaume wa pande mbili za mji hupigana kwa magomba mabichi hadi hasira za mwaka mzima ziishe. Kibanda cha makuti huchomwa moto. Wanawake huzunguka kwa nyimbo, na vyakula hupikwa kwa wingi kwa kuwa nyumba isiyopata mgeni siku hiyo huhesabiwa kuwa na nuksi. Zamani, katika miji mingi ya pwani, watu walioga baharini alfajiri, wakazima moto wa jikoni na kupekecha mpya. Moto, maji na mwanzo wa hesabu ni mambo yale yale yanayoonekana katika Nowruz ya Waajemi, na jina la Nairuzi ndilo linaloonyesha yalikotoka.

Kwa nini basi Nairuzi ya Rayners Lane iwe Machi na ya Makunduchi iwe Julai? Jibu limo katika hesabu. Mwaka wa Kiswahili wa jua, uliotumiwa na manahodha na wakulima, una miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku 5 za nyongeza, jumla 365. Hauna mwaka mrefu. Kwa kuwa jua huhitaji siku 365 na karibu robo kukamilisha mzunguko, mwaka usioongezwa siku hutangulia kwa siku moja kila miaka minne. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 Siku ya Mwaka iliangukia Agosti. Leo Mwaka Kogwa huwa mwezi wa Julai. Kalenda za kale za Waparsi nazo zimetangulia vivyo hivyo. Ndiyo maana Waparsi wengi wana mwaka mpya wa pili katikati ya Agosti, na kundi dogo miongoni mwao huwa na wake katikati ya Julai, karibu na siku za Makunduchi. Mwaka 1906 baadhi yao mjini Bombay walianzisha utaratibu wa kuufunga mwaka kwenye 21 Machi, kwa jua lenyewe. Anayekwenda Alexandra Avenue mwezi Machi anaiona Nairuzi iliyofungwa nanga, na anayekwenda Makunduchi anaiona ile iliyoachwa ielee kwa hesabu ya mabaharia. Zote mbili ni za kweli.

Nairuzi ya Machi husherehekewa pia na Waismailia, ambao kituo chao cha South Kensington kilifunguliwa mwaka 1985, pamoja na Makhoja wa Kishia wa Stanmore, ndani ya Harrow hiyo hiyo. Katika jumuiya hizo mbili si ajabu kumsikia bibi akimwita mjukuu kwa Kiswahili cha Dar es Salaam, Tanga au Mombasa. Walifika kwa mikondo: kutoka Unguja baada ya 1964, kutoka Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960, na kutoka Uganda mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza. Wahindu waliokuja nao kwa mikondo hiyo hiyo wameipa Harrow sura yake ya leo. Sensa ya 2021 ilionyesha kuwa asilimia 25.8 ya wakazi wa manispaa hiyo ni Wahindu, kiwango kikubwa kuliko manispaa nyingine yoyote ya Uingereza na Wales.

Sikukuu yao ya majira haya ni Holi. Hufuata mbalamwezi ya mwezi wa Phalgun, kwa hiyo huja mwishoni mwa Februari au mwezi Machi. Usiku wa kwanza huwashwa moto mkubwa, na watu huuzunguka wakitupia nazi na nafaka. Siku ya pili ni ya kurushiana rangi. Anayetaka kuiona katika utulivu wake na aende kwenye moto, si kwenye rangi. Hapo ndipo wazee huja na watoto wachanga kuwazungusha kwa ajili ya baraka, na harufu ya nazi iliyoungua hubaki kwenye makoti hadi kesho yake. Baada ya hapo ni kula, na katika mikahawa ya Harrow na Wembley orodha ya vyakula ni ushahidi wa safari. Mogo ni muhogo, uliokaangwa kwa pilipili na ndimu. Kuku paka ni kuku wa kupaka, wa tui. Jugu ni njugu. Maneno hayo yalisafiri kutoka jikoni za Kisumu na Kampala, na leo hutamkwa kila siku na Wahindi waliozaliwa London, wasiowahi kuuona mti wa muhogo.

Vaisakhi ya Masingasinga huhesabiwa kwa jua la nyota za Kihindi, ndiyo maana haihami: ni tarehe 13 au 14 Aprili. Huadhimisha mavuno ya Punjab na kuanzishwa kwa udugu wa Khalsa mwaka 1699. Southall, kusini mwa Rayners Lane, ndiko London inakoiona kwa ukubwa wake. Maandamano ya kitabu kitakatifu hupita barabarani kwa saa kadhaa, mbele yake watu wakifagia lami kwa mifagio kwa heshima ya kitabu. Kandokando ya barabara meza za familia na maduka hugawa chakula bila kuuliza jina wala dini ya mpokeaji. Miongoni mwa Masingasinga hao wako wengi ambao mababu zao walikuwa mafundi wa reli ya Uganda, iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896. Siku nyingine ya Aprili sherehe hiyo hupelekwa katikati ya jiji, uwanja wa Trafalgar Square, na chakula bado ni bure. Kukataa sahani si adabu.

Uwanja huo unastahili kutajwa kwa kirefu kidogo, kwa kuwa ndio baraza la London. Kutoka Rayners Lane mtu hupanda treni ya Piccadilly hadi Leicester Square na kutembea dakika chache. Katika miezi hii mitatu, simba wanne wa shaba walio chini ya nguzo ya Nelson huwaona Waairishi katikati ya Machi wakimkumbuka Mtakatifu Patrick, kisha Masingasinga, kisha Waingereza wenyewe karibu na 23 Aprili kwa ajili ya Mtakatifu George. Ijumaa Kuu kundi la waigizaji la Wintershall limekuwa likiigiza mateso na ufufuko wa Yesu uwanjani hapo tangu 2010, kwa farasi na punda wa kweli, na watazamaji hawalipi. Inafaa kufika mapema, maana waliochelewa huona migongo tu.

Pasaka yenyewe ni mfano wa kalenda inayopatanisha jua na mwezi. Huwa Jumapili ya kwanza baada ya mbalamwezi ya 21 Machi au ile inayofuata tarehe hiyo, kwa hiyo huweza kuangukia siku yoyote kati ya 22 Machi na 25 Aprili. Waethiopia na Waeritrea wa London huifuata hesabu ya Kanisa la Mashariki, na mara nyingi hufunga wakati wengine wamekwisha kula. Wakristo wa Afrika Mashariki hawakosi pa kwenda: Kanisa la Kilutheri la Uingereza lina ibada za Kiswahili jijini.

Idi haipatani na jua hata kidogo. Mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku 11 hivi, na kila sikukuu ya Kiislamu hurudi nyuma kwa kiasi hicho. Idi el-Fitri ilikuwa mwanzo wa Mei mwaka 2022 na tarehe 10 Aprili mwaka 2024. Tangu 2023 taa za Ramadhani zimekuwa zikitundikwa katika mitaa ya burudani karibu na Piccadilly Circus, hilali na nyota juu ya vichwa vya watu wanaotoka maigizoni. Jumamosi mojawapo baada ya Idi, Trafalgar Square hujaa mabanda ya vyakula na kaswida. Kizazi hiki kimebahatika kuziona Ramadhani za London zenye jioni za kati. Ilipoangukia Juni, mfungaji alikaa zaidi ya saa kumi na nane bila maji. Sasa inatoka katika majira ya kuchipua na kuingia baridini, na itachukua takriban miaka 33 kukamilisha duara lake.

Mwisho wa Machi na Aprili kuna mambo mawili ambayo hayana dini na yamekuwa kama dini. Moja ni mashindano ya makasia kati ya vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge. Yalianza mwaka 1829, na tangu 1845 kwa kawaida hufanyika katika mto Thames kutoka Putney hadi Mortlake, kilomita 6.8; wanawake walianza kushindana katika njia hiyo hiyo mwaka 2015. Saa ya kuanza hubadilika kila mwaka, na mpiga makasia wa Lamu angeelewa kwa nini kabla ya kuambiwa. Thames hapo hujaa na kupwa kwa bahari. Mitumbwi hupelekwa juu ya mto, kwa hiyo huondoshwa kama saa moja na nusu kabla ya maji kujaa kabisa, ili mkondo uisukume. Waongoza usukani hugombania ule ukanda wa katikati wenye mkondo mkali zaidi, na hapo ndipo makasia hugongana. Mbio nzima kwa kawaida haifiki dakika ishirini. Wanaotoka Rayners Lane hushuka Hammersmith bila kubadili treni na kusimama ukingoni karibu na daraja, ambako maji yakijaa sana huwalowesha viatu wasiojihadhari.

La pili ni marathoni, iliyoanza mwaka 1981. Mwaka 2025 waliomaliza walikuwa zaidi ya 56,000. Kwa Waafrika Mashariki wa London hii ndiyo siku ya bendera. Douglas Wakiihuri alikuwa Mkenya wa kwanza kushinda, mwaka 1989. Eliud Kipchoge ameshinda mara nne na Mary Keitany mara tatu. Mwaka 2023 Kelvin Kiptum, kijana wa miaka 23, alimaliza kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 25, mvua ikinyesha. Februari iliyofuata alifariki katika ajali ya gari nchini kwao. Mtazamaji mwenye busara haendi kwenye mstari wa mwisho penye msongamano. Huenda Greenwich au Canary Wharf, akasubiri. Kwanza huja sauti ya helikopta, kisha pikipiki, kisha kundi dogo la watu wembamba wanaopita bila kelele yoyote ya viatu, na kabla mtu hajamaliza kutaja jina la nchi yake wamekwisha kupinda kona. Baada yao, kwa saa nyingi, hupita umma wa kawaida: wenye mavazi ya kifaru, wenye picha za marehemu wao migongoni, wanaolia na wanaocheka.

Karibu na siku hizo, 23 Aprili, ni siku ya kumbukumbu ya Shakespeare, na ukumbi wa Globe kando ya Thames, uliojengwa upya na kufunguliwa mwaka 1997, huanza msimu wake wa wazi. Katikati hauna paa. Wenye tiketi za bei ya chini husimama uani, mvua na iwanyee. Majira ya kuchipua ya 2012 Globe ilialika maigizo 37 kwa lugha 37, na Kiswahili kilikuwemo. Kundi kutoka Nairobi lilicheza mwezi wa Aprili igizo la wake wa Windsor wanaomwaibisha mzee mlafi, likaliita Wanawake wa Heri wa Winsa. Mzee huyo, Falstaff, aliigizwa na Mrisho Mpoto wa Tanzania. Kiswahili kilivyokaa vizuri katika vichekesho vya umbeya, wivu na vikapu vya nguo chafu ni jambo ambalo mtu yeyote aliyekulia uswahilini angelitabiri.

Mei ni ya majani na maua. Tarehe 1, huko Deptford, mtu mmoja huvikwa fremu ya majani na maua kutoka kichwani hadi miguuni, akazungushwa mitaani kwa ngoma na zumari. Ni mila ya zamani ya wafagia mabomba ya moshi. Karibu na Rayners Lane raha ni za kimya zaidi. Katika bustani ya Roxbourne Park chama cha mafundi wa kujitolea huendesha treni ndogo za mvuke siku za Jumapili katika miezi yenye joto, na watoto hukalia mabehewa kwa kuyapanda kama punda. Vituo vichache mbele kwa njia ya Metropolitan upo msitu wa Ruislip, hifadhi ya taifa tangu 1997, ambao kuanzia mwisho wa Aprili sakafu yake hufunikwa na maua ya buluu yenye umbo la kengele. Hudumu wiki tatu hivi. Hukua chini ya miti kabla majani ya juu hayajafunga mwanga, na yakikanyagwa huchukua miaka kupona, kwa hiyo haifai kabisa kuacha njia kwa ajili ya picha.

Maonyesho ya maua ya Chelsea hufunga msimu. Tangu 1913 hufanyika katika viwanja vya Royal Hospital, makao ya wanajeshi wazee, kwa siku tano kuelekea mwisho wa Mei. Tiketi ni ghali na hununuliwa miezi kabla. Wasioipata wana bustani ya Isabella ndani ya Richmond Park, bila malipo, ambako vichaka vya azalea huchanua kuzunguka vijito kwa rangi zinazoonekana toka mbali. Lakini Chelsea ina saa moja ambayo hata asiye na tiketi huweza kuiona. Jumamosi ya mwisho alasiri kengele hupigwa, na waonyeshaji huanza kuuza mimea waliyoipamba wiki nzima. Watu hutoka getini wamekumbatia maua marefu kuliko wao na kuteremka nayo stesheni ya Sloane Square. Ndani ya behewa abiria hubana miguu kuvipisha vyungu. Wa Rayners Lane hubadilisha treni Earl's Court, wakapanda ile ya Piccadilly, na kufika Alexandra Avenue kungali kweupe, wakati wa kutosha kuchimba shimo na kupanda.